ZAHANATI IFUATE MIFUGO
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi wa reli, daktari akitutafuta atatupata stesheni. Mfugaji wa Lopur, kule Turkana Magharibi karibu na Kakuma, hana stesheni. Yeye huhama na adakar, yaani maboma kadhaa yanayosafiri pamoja, akifuata majani na maji. Zahanati hubaki nyuma na dawa zake. Je, mtu huyo tuseme amepata matibabu?

Natoa mfano. Waturkana walihesabiwa miongoni mwa watu wanaougua zaidi duniani ugonjwa wa uvimbe wa maji, uletwao na tegu wa mbwa. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, mtoto huyameza, na uvimbe hukua ndani ya ini miaka mingi bila yeye kujua. Madaktari walipasua na wengi wakapona, lakini mbwa alibaki bomani na tegu wake. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuuzuia ugonjwa wenyewe kaskazini-magharibi mwa Turkana. Watumishi walikwenda boma kwa boma, wakafundisha watu, na mbwa wakapewa dawa kila baada ya wiki 6. Ugonjwa ukapungua. Kisu kilimponya mmoja mmoja; miguu ilikinga boma zima.

Leo miguu hiyo ni ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali iliwapa mikoba ya kazi kiasi cha 100,000 nchi nzima. Waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hizo huitwa posho. Ndugu zangu, mtu atembee juani kutwa nzima, apime watoto, aandike wajawazito, kisha kazi yake isiitwe kazi? Akichoka akaacha, boma lililo mbali ndilo la kwanza kusahauliwa.

Tangu Oktoba 2024 sisi wenye mishahara twakatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Basi tuna haki ya kusema. Napendekeza chama kidai mambo mawili: wahamasishaji walipwe ujira kamili, tena kwa wakati, na kila adakar iwe na wake, anayehama nayo.

Wanaokubali wainue mikono.