Kupima Nguvu za Injini

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulisikia kwa masikio kila siku, lakini wachache hulipima, nalo ni nguvu ya injini.

Mtu akisimama kando ya njia kuu pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huona malori yaliyotoka Dar es Salaam yakingojea kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Kila injini ina sauti yake. Fundi mzoefu huinama, hutega sikio, hunusa moshi, kisha hutoa hukumu. Hatumdharau fundi huyo, maana sikio lake limefunzwa kwa miaka mingi. Lakini sikio halina nambari. Haliwezi kusema injini imepoteza nguvu kiasi gani, wala kumwonyesha mwenye gari kama fedha aliyolipa imeleta faida. Ndiyo sababu watu walitafuta mizani ya kupimia nguvu, kama vile mnunuzi apimavyo kahawa ya Mbozi.

Kwanza yatupasa kujua kinachopimwa. Kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja huitwa nguvu ya farasi mmoja. Lakini injini haiinui mzigo, bali huzungusha shafti. Nguvu ya kuzungusha hupimwaje? Mwaka 1821 Mfaransa mmoja, jina lake Gaspard de Prony, alipata njia. Aliibana shafti kwa vipande vya mbao, akavikaza kwa skurubu. Katika mbao hizo alitia mkono mrefu, na mwisho wa mkono akatundika mawe ya mizani. Shafti ikizunguka hutaka kuuchukua mkono, na uzito huuzuia. Mawe huongezwa au hupunguzwa mpaka mkono utulie, usipande wala usishuke. Baada ya hapo hesabu ni nyepesi, maana yatakiwa mambo matatu tu: uzito, urefu wa mkono, na mizunguko kwa dakika. Mathalani, mkono ukiwa wa mita 1, uzito kilo 10, na mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ina nguvu za farasi karibu 14.

Ubaya wa breki hiyo ni kwamba mbao hupata moto kwa msuguano. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude alionyesha breki ya maji. Gurudumu lenye vikombe huzunguka ndani ya sanduku la maji. Maji hulizuia, na joto huondoka pamoja na maji. Breki za namna hiyo zatumika hata leo.

Faida ya vipimo ilionekana wazi mwezi wa Februari 1897, katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Rudolf Diesel alikuwa amehangaika kwa miaka kadhaa na injini yake, na watu walitaka ushahidi. Basi Profesa Moritz Schröter wa Munich akaja, akapima nguvu, akapima mafuta yaliyotumika, akatazama na saa. Akaona kwamba katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, karibu 26 ziligeuka kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za siku zile hazikufika nusu ya hapo. Tangu siku ile hapakuwa na haja ya kubishana kwa maneno matupu.

Sasa turudi nyumbani. Mtu atokaye pwani kwenda Tunduma hupanda sana. Reli ya TAZARA hufika mita 1,789 juu ya bahari pale Uyole, karibu na Mbeya, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini hupumua kama mtu. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, moshi huwa mweusi na nguvu hupotea. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika kumi. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi wa kutumia moshi wenyewe utokao kwa nguvu kuisukuma hewa iingie ndani. Hiyo ndiyo turbo, nayo huyasaidia malori kupanda milima. Lakini injini nyingi ndogo za vijijini hazina turbo. Basi mwenye kununua injini ya farasi 10 huko pwani asistaajabu akipata kama 8 katika nyanda za juu.

Tuseme mzee mmoja wa Vwawa ana mashine ya dizeli ya kusaga mahindi, naye haoni faida. Moshi ni mweusi, na anaambiwa, "Pampu ya mafuta imekufa, nunua mpya." Kabla hajauza ng'ombe, na apime. Ajaze tangi mpaka alama, asage mahindi makavu aliyoyapima kwa mizani, kisha azime injini na kurudishia dizeli kwa chupa ya lita moja mpaka alama ile ile. Aandike kilo ngapi zimesagwa kwa lita moja. Halafu asafishe chujio la hewa, maana vumbi la kiangazi huliziba, na fundi apime nafasi za vali kwa vibapa vya chuma. Kisha asage tena mahindi ya namna ile ile, kwa chekeche ile ile. Kilo zikizidi sana, ng'ombe amepona. Zisipozidi, fundi alete geji ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Ikiwa mgandamizo ni hafifu, huenda ringi au vali zimechakaa, na pampu mpya haitaponya ugonjwa huo.

Moshi nao ni shahidi. Mweusi huonyesha hewa haba au mafuta mengi. Wa buluu, oili yaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, dizeli haikuungua au maji yameingia.

Siku hizi motokaa zina kompyuta ndani. Tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani ilitaka motokaa zote mpya ziwe na tundu la namna moja la kuchomeka kifaa cha kusoma makosa, na mafundi wengi wa kwetu wana vifaa vya jinsi hiyo. Lakini kifaa nacho ni shahidi, si hakimu. Kitasema hewa haikutosha, ila pengine hakitasema kama chujio limeziba au bomba limepasuka. Hapo bado yahitajika akili ya fundi, na lile sikio lake tulilolisifu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mashine, wekeni daftari kando ya injini, mwandike tarehe, lita na kilo. Nanyi wanafunzi, wasaidieni wazee wenu katika hesabu hizo.