Kipimo, Simu na Siri ya Mgonjwa

Hotuba ya Kamati ya Wakimbizi iliyosomwa katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Waliotutangulia wamezungumza juu ya mashamba na shule, nasi hatutawarudia. Kamati imeona izungumze juu ya vipimo vya magonjwa na simu za mkononi, kwa sababu mambo tuliyojifunza wakati wa Korona tuliyajifunza kwa machozi, na magonjwa hayajaacha kupita njia zilezile tunazopita sisi.

Ndugu zetu, kupima si jambo geni hapa. Kila mama anayeketi mbele yetu amewahi kumpeleka mtoto mwenye homa kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mtoto anachomwa kidoleni, tone la damu linawekwa kwenye kile kijiti cheupe, mnangoja kama dakika 15, mnahesabu mistari. Kumbe kipimo cha haraka cha Korona kilikuwa ndugu yake: badala ya damu, ute wa puani, nacho kilitoa jibu kati ya dakika 15 na 30. Shirika la Afya Duniani lilikubali cha kwanza cha namna hiyo mwezi wa Septemba 2020, na bei kwa nchi maskini ikapangwa isizidi dola 5 kwa kimoja. Kabla ya hapo tulitegemea kipimo cha maabara kubwa, ambacho huongeza mbegu ya virusi mara nyingi mpaka mashine iione. Hicho ni kikali zaidi. Cha haraka kilitakiwa kigundue angalau wagonjwa 80 kati ya 100, maana yake wengine huweza kupita. Lakini jibu kali linalokuja baada ya siku nyingi, huku mgonjwa amekwisha kulala na watoto sita katika chumba kimoja, linamsaidia nani?

Tuwakumbushe habari ya mzee mmoja wa kijiji cha chini, ambaye jina lake tunalihifadhi. Mwaka 2020 alikohoa, wakamchukua ute, ukapelekwa maabara ya mbali. Hakuwa na simu, basi akaandikisha namba ya jirani. Siku zikapita, mzee akaenda kisimani, akaenda sala, akaenda kwenye foleni ya posho. Ujumbe ulipofika, jirani aliusoma kabla ya mgonjwa mwenyewe, na kabla ya jua kutua kijiji kizima kilijua. Watoto wake wakafukuzwa bombani. Mama muuza mihogo akakataa kupokea pesa kutoka mkononi mwao. Mzee alipona, tunamshukuru Mungu, lakini katika kijiji kile watu walikataa kupimwa kwa muda mrefu. Walituambia wazi: si kipimo tunachoogopa, ni simu ya jirani.

Tena walikuwa na hesabu nyingine. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wetu ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa upungufu wa fedha. Mwenye kadi akipelekwa kutengwa, nani atapokea chakula cha nyumba yake? Kamati ilikaa vikao vingi juu ya swali hilo moja, na tulipokubaliana kwamba mtu wa nyumbani aliyeandikwa mapema apokee kwa niaba yake, ndipo watu walipoanza kusogea tena kwenye meza ya kupimia.

Sasa juu ya simu. Wageni wengi walitufikia na mawazo mazuri ya programu za simu janja. Hatuwalaumu. Madereva wa malori walipokwama mipakani mwaka 2020 wakingoja majibu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha programu ya simu iliyobeba cheti cha kipimo cha dereva, ili jibu la nchi moja lisomwe mpakani pa nyingine badala ya kupimwa upya. Hilo lilikuwa jambo la akili. Lakini dereva ana simu yake na laini yake. Hapa Uganda, ni mwaka 2019 tu tume ya mawasiliano iliporuhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au barua ya uthibitisho. Kabla ya hapo wangapi kati yetu walitumia laini zenye majina ya watu wengine? Na toka Julai 2018 hadi katikati ya 2021 kufungua WhatsApp kulidai kodi ya shilingi 200 kwa siku, kabla hujanunua hata data. Aliyeshindwa kulipa aliletewa habari na aliyelipa, zikiwa zimeongezwa chumvi. Ndiyo namna ile sauti iliyosema kijiti cha puani kinapanda ugonjwa ilivyozunguka makazi yote.

Hata Singapore, nchi tajiri, iliona shida hiyo. Machi 2020 ilitoa programu ya kutambua waliokaribiana, simu kwa simu, kwa njia ya Bluetooth. Mwezi wa Juni ikalazimika kugawa kifaa kidogo cha kubeba kwa wazee wasio na simu janja. Mwaka uliofuata, Januari, serikali yake ikakiri kwamba polisi waliweza kuzichukua habari hizo kwa upelelezi, na watu walikasirika. Sisi tuliokimbia kwa sababu majina yetu yaliandikwa kwenye orodha fulani, hatuhitaji kuelezwa walikasirikia nini.

Na mashine nazo zina mipaka yake. Katika Ebola ya Kivu na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, mashine ya GeneXpert iliwekwa Beni, Butembo na kwingine, ikatoa majibu siku ileile. Ilipotokea Ebola ya aina ya Sudan hapa Uganda, Septemba 2022, hata wilaya ya Kyegegwa yenye makazi ya Kyaka II ikaguswa, kipimo kile cha mashine ile hakikufaa, maana kilitengenezwa kuitambua aina ya Zaire peke yake. Ikabidi kutegemea maabara zenye kipimo kingine. Kwa hiyo ukiambiwa huna Ebola, uliza: mmetafuta ipi?

Mheshimiwa Kamanda, tunaomba mambo mawili. Kwanza, majibu ya kipimo chochote yasitumwe kwenye simu ya jirani. Asiye na simu aitiwe kituoni, au afuatwe nyumbani na mhudumu aliyeapa kutunza siri. Pili, kila kijiji kipate simu moja ya mhudumu, pamoja na paneli ya jua ya kuchajia, kwa maana wahudumu wetu bado wanalipia chaji sokoni kwa pesa zao.

Kwa upande wetu, daftari la watu watakaopokea posho kwa niaba ya wagonjwa linafunguliwa upya leo. Katibu ameketi chini ya mwembe. Kila mwenye kadi apite aandike jina moja, hata kama nyumbani hakuna mgonjwa.