Nyumba ya Umma: Niliyojifunza Katika Pabu za Uingereza

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za sharika na wageni wetu wafadhili



Nilipoulizwa nitazungumza juu ya nini, nilijibu kwamba nitazungumza juu ya baa. Mzee mmoja wa kanisa alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama ninaumwa. Wapendwa, siumwi. Wala sikuja kutetea ulevi. Sote tunazijua nyumba ambazo ada ya watoto iliishia kilabuni. Hata Uingereza kwenyewe pombe imevunja nyumba nyingi, na Wamethodisti wa huko walihubiri dhidi yake kwa miaka mingi. Hilo libaki kama lilivyo.

Nilikwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi ya vyama vya ushirika, na jioni wenyeji wetu walitupeleka katika mahali wanapopaita pabu. Neno lenyewe ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya umma, nami nilianza kuzielewa nyumba hizo kupitia jina hilo. Pabu ya zamani inafanana na sebule kuliko baa za kwetu. Dari ni fupi, mbao zimekuwa nyeusi kwa umri, moto unawaka ukutani, na mara nyingi mbwa wa mtu amelala mbele yake. Hakuna mhudumu anayekuja mezani. Unakwenda mwenyewe kaunta, na ingawa hakuna foleni, kila mtu anajua nani alitangulia. Ukimruka mwenzako utaona nyuso zinavyobadilika. Marafiki hununuliana kwa zamu, na anayekwepa zamu yake husemwa. Mgeni akisimama kaunta anaruhusiwa kuongea na yeyote. Mimi niliagiza chai, na hakuna aliyenishangaa.

Tusidhani kwamba siku zote wote walikaa pamoja. Pabu nyingi zilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha vibarua chenye sakafu tupu, na kingine chenye zulia kwa wenye nacho, ambako bei ilikuwa juu kidogo. Hata hivyo paa lilikuwa moja.

Kanisa nalo limo katika historia hii. Katika Zama za Kati sharika za Uingereza zilipika pombe na kufanya sherehe ili kupata fedha za kukarabati kanisa na kusaidia maskini, kama sisi tunavyofanya mnada siku ya mavuno. Majina bado yanashuhudia. Pabu inayoitwa Cross Keys, yaani funguo zilizopishana, inatukumbusha funguo za Mtakatifu Petro. Ile iitwayo Lamb and Flag, mwanakondoo na bendera, inamkumbusha Mwanakondoo wa Mungu.

Sasa niwatajie zile ninazozipenda. Ya kwanza ni The George, iliyoko Southwark, London. Ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto mkubwa kuunguza mtaa ule mwaka uliotangulia. Magari ya farasi yaliingia katika ua wake, na wasafiri walilala katika vyumba vya juu vyenye roshani za mbao. Zamani roshani hizo zilizunguka ua pande tatu. Kampuni ya reli ikabomoa pande mbili ili kujenga maghala, ukabaki upande mmoja. Mwaka 1937 upande huo ulikabidhiwa National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale. Nilipokaa pale nilifikiri jinsi inavyokuwa rahisi kubomoa kitu ambacho hakuna aliye tayari kukisemea.

Ya pili iko Belfast, Ireland ya Kaskazini. Sikufika huko, lakini nimeisoma sana. Inaitwa Crown Liquor Saloon. Ndani kuna vigae vya rangi, vioo vilivyochorwa, taa za gesi, na vyumba vidogo kumi vyenye milango, ambamo mteja alibonyeza kengele kuita huduma. Inasimuliwa kwamba mafundi wa Kiitalia walioletwa kupamba makanisa ndio waliofanya kazi hiyo baada ya saa za kazi. National Trust iliinunua mwaka 1978. Ilijeruhiwa mara nyingi na mabomu yaliyolenga hoteli ya jirani, na kila mara ikakarabatiwa.

Lakini mbili zilizobaki ndizo zilizonifanya niwaletee mada hii.

Kwa miaka mingi pabu za Uingereza zimekuwa zikifungwa. Bia ya dukani ni rahisi kuliko ya kaunta. Pabu nyingi ni mali ya makampuni makubwa, na mpangaji hulazimika kununua bia kwa mwenye nyumba kwa bei anayopangiwa. Zaidi ya yote, kiwanja huwa na thamani kubwa zaidi kikijengwa makazi. Kijijini hasara huwa nzito, kwa sababu mara nyingi duka na posta vimekwisha kufungwa, na pabu ndiyo mahali pa mwisho pa watu kukutana. Mjane anayeishi peke yake hupoteza mahali ambapo mtu angeuliza, "Mbona leo hatujamwona?"

Katika kijiji cha Hesket Newmarket, mkoa wa Cumbria, kuna pabu ndogo ya mawe iitwayo The Old Crown. Mwaka 1988 kiwanda kidogo cha bia kilianzishwa katika ghala la zamani nyuma yake, na mwaka 1999 kikawa mali ya ushirika. Mwenye pabu alipotaka kuuza, watu zaidi ya 100 waliungana, wakachanga fedha zao na kuinunua mwaka 2003. Walifanya jambo moja la busara. Hawakusema kwamba wote watasimama kaunta. Ushirika ulibaki na umiliki, na uendeshaji ukapewa mpangaji anayeijua kazi. Kila mwanachama ana kura moja.

Ya nne ni Ivy House, Nunhead, kusini mwa London. Ilifungwa Aprili 2012 ili iuzwe. Majirani walitumia sheria ya mwaka 2011 inayoruhusu jengo kuandikishwa kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Ivy House ikawa pabu ya kwanza nchini kuandikishwa hivyo. Sheria hiyo haitoi fedha. Iliwapa muda tu, miezi sita ambayo mwenye mali hakuweza kumuuzia mwingine wakati jamii inajipanga. Walijipanga kweli. Watu 371 walinunua hisa, zikapatikana zaidi ya pauni 140,000. Bei ilikuwa pauni 810,000, hivyo walihitaji mkopo mkubwa na msaada. Ilifunguliwa tena Agosti 2013. Wala si kwamba matatizo yaliisha. Mwaka 2018 wafanyakazi wake waligoma kwa sababu ya mikataba isiyo na saa za uhakika. Kumiliki pamoja ni kupatana pamoja pia.

Ndugu wafadhili, angalieni mpangilio ule. Msaada na mkopo vilikuja, na bila hivyo wasingeweza. Lakini watu 371 nao waliweka chao mezani.

Hapa naomba niungame. Miaka iliyopita niliandika andiko la mradi wa ukumbi wa vijana. Liliandikwa vizuri, fedha zikaja, jengo likasimama. Sikuuliza hata mara moja nani ataweka fedha yake mwenyewe. Ufadhili ulipokwisha, bati lilianza kuvuja na kila mtu akasema, "Ni la mradi." Leo lina kufuli. Kosa lilikuwa langu.

Tuna msemo kwamba cha umma hakina mwenyewe. Wazee wa Hesket Newmarket wangeshangaa kuusikia. Kwao, nyumba ya umma ndiyo yenye wenyewe wengi kuliko zote, na kila mmoja anajua sehemu yake ni kiasi gani.

Basi kamati itakayoniletea ombi la jengo mwaka huu, nitaipokea kwa furaha. Nitaomba tu kwamba pamoja na ramani mniletee daftari lenye majina ya waliokwisha kutoa, hata kama ni shilingi elfu moja moja, au debe la mahindi. Tutaanzia hapo.