Mtundulu: Kichaka cha Tiba katika Ardhi ya Dhahabu



Jioni hii nitazungumzia mtundulu, ambao wataalamu wa mimea huuita Dichrostachys cinerea. Kila mchungaji wa Usukumani anaujua. Miiba yake hutoboa tairi la baiskeli, ua lake linaloning'inia lina rangi mbili, waridi juu na manjano chini, na ukiufyeka huchipua upya kutoka mizizini. Ndiyo maana wengi huuona adui wa shamba. Mimi nasema ni mali yetu sote, na mali huhesabiwa kabla ya kuangamizwa.

Nianze na tiba. Bafumu, yaani waganga wa jadi wa Kisukuma, huchemsha mizizi, mgonjwa akanywa maji yake kwa msokoto wa tumbo na kuhara. Majani hupondwa na kubandikwa juu ya jipu au pale alipouma nge. Maabara hazijaidharau elimu hii. Mtundulu una tanini nyingi, na tanini hukaza utando wa utumbo, jambo linaloendana na matumizi yake kwa kuhara. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kundi zima la kemikali walizozitenga kutoka magome ya mizizi na shina lake. Lakini matokeo ya maabara si dozi. Aliyeumwa na nge au nyoka akimbizwe hospitali. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na zinki, tena mapema.

Tiba hiyo haiwezi kutengana na ardhi. Wakati wa ukoloni, vichaka vya Shinyanga vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye pamba, kuni na wingi wa mifugo vikamalizia kilichobaki. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, nao ukajengwa juu ya desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili mifugo ipate chakula kiangazi. Kutoka takribani hekta 600, ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa karne hii. Kwa kiasi kikubwa miti ilirudi kwa kuchipua yenyewe, na mtundulu ni hodari wa kuchipua. Bakteria wa mizizini mwake hunasa naitrojeni ya hewani, na maganda ya mbegu zake hulisha mbuzi wakati nyasi zimekauka.

Lakini mtundulu ukiachwa bila kupunguzwa, hufunga malisho. Kuba, ulikopelekwa kutoka ng'ambo, umevamia mashamba makubwa. Wakuba wakaufanya mkaa, na Januari 2017 shehena yake ikauzwa Marekani. Funzo ni kuupogoa na kuutumia.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kuuzunguka wapo wachimbaji wadogo wengi wanaohitaji matimba ya kuegemeza kuta za maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, na mkaa wa kupikia. Kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, hutumika zebaki, na marudio, yaani mchanga uliobaki, huoshwa kwa sayanidi. Kwa hiyo mzizi uliochimbwa kando ya mwalo usiingie chunguni, hata ukiwa wa mti sahihi.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga. Muhimbili imetafiti dawa zao tangu 1974. Kwa misingi hiyo napendekeza mambo matatu. Kila kijiji chenye ngitili kiorodheshe miti yake ya dawa pamoja na bafumu wake, na ujuzi huo ubaki kuwa wao. Tathmini ya mazingira ya kila leseni ya uchimbaji ihesabu miti hiyo. Na vyuo vyetu vipime zebaki katika mizizi inayouzwa minadani, kisha majibu yarudishwe vijijini kwa lugha inayoeleweka.

Dhahabu ikishachimbwa imekwisha. Mtundulu ukitunzwa utaendelea kuwatibu wajukuu wa wachimbaji wenyewe. Mgodi unaoacha ardhi isiyoweza kuotesha dawa umechukua zaidi ya leseni yake.