PISHI YA HUNGARIA



Wapo baina yetu wasemao kuwa penye uchaguzi pana haki. Basi na watazame Hungaria. Mwezi wa Juni 1989, ukomunisti ukielekea ukingoni, kijana Viktor Orbán alisimama mbele ya umati mjini Budapest akataka majeshi ya Urusi yaondoke. Mwaka 2010 chama chake, Fidesz, kilipata kura zilizopita nusu kidogo tu, na viti zaidi ya thuluthi mbili za Bunge. Kwa viti hivyo kikapitisha Katiba mpya mwaka 2011, bila ya wapinzani.

Sisi wa dukani twajua: aliyekusudia kupunja haibi mchele, hupunguza pishi. Viti 386 vilifanywa 199, mipaka ya majimbo ikachorwa upya, na mwaka 2014 asilimia 45 hivi za kura zikazaa tena thuluthi mbili za viti.

Na yote yalitendwa kwa jina la taifa. Mkataba wa Trianon wa 1920 uliinyang'anya Hungaria thuluthi mbili za ardhi yake, na jeraha lile likatoneshwa kila mwaka. Wenye asili ya Hungaria walioko Rumania walipewa uraia, wakapiga kura kwa posta, na takriban zote zikaiendea Fidesz. Lakini Mhungaria aliyehamia London kutafuta riziki ilimlazimu aende mwenyewe ubalozini!

Népszabadság, gazeti kubwa la upinzani, lilisimamishwa ghafula Oktoba 2016. Waandishi wake hawakuruhusiwa hata kuingia ofisini mwao.