UMEME NI WETU, MKATABA NI SIRI YA NANI?



Tunaambiwa tuchague: makaa ya mawe, nyuklia au upepo. Mimi nauliza kwanza: anayechagua ni nani?

Tazameni Lamu. Mwaka 2016 mradi wa makaa wa megawati 1,050 ulipewa leseni ya mazingira. Wanalamu wakaukataa, wakaenda kudai haki yao. Juni 26, 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni hiyo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbe mnyonge akikataa kunyamaza husikika!

Ikaja nyuklia. Mwaka 2024 watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuupinga mtambo, wakakutana na virungu vya polisi. Huko ndiko kushirikishwa?

Wala msidhani upepo hauna hila. Mitambo ya Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Nyaya za kuusafirisha umeme zikakamilika 2018. Upepo ulivuma bure, na fidia ya ucheleweshaji akabebeshwa mlipa bili. Kosa si la upepo, ni la mkataba.

Mvuke wa Olkaria unatupa umeme tangu 1981, usiku na mchana. Nishati tunayo, ndugu zangu. Tusichonacho ni uwazi.

Basi tudai jambo moja: kila mkataba wa umeme uwekwe hadharani kabla ya kutiwa saini. Mlipa bili ausome. Kiongozi asiyetaka usomwe, tumnyime kura!