Timu ya Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho

Mazungumzo yangu ya leo yahusu jambo ambalo wazee wengi hulidharau, nalo ni vijana wa darasa la mwisho kukusanyika na kuunda timu ya mpira kwa hiari yao. Hawachezei kombe, wala hawakuamriwa na mwalimu. Wanataka kucheza tu, kabla mtihani haujawatawanya.

Nilipokuwa katika darasa hilo, mjomba wangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile: “Ninyi mwaachana baada ya miezi michache. Mtu hujenga nyumba siku anayohama?” Nitawasimulia tuliyoyaona, nanyi mtampa mjomba jibu mnaloliona la haki.

Mpira si mgeni katika nchi yetu ya pwani, na tangu mwanzo ulipitia mikononi mwa wanafunzi. Kabla ya mwaka 1900 ulikuwa ukichezwa katika shule ya wamisionari kule Kiungani, Unguja, ambako vijana wengine wa Bonde, waliotoka Magila karibu na Muheza, walipelekwa kusoma. Hapa Tanga mjini African Sports ilianzishwa mwaka 1936, na Coastal Union mwaka 1948. Na hii ya pili ilitwaa ubingwa wa ligi ya Bara mwaka 1988, jambo ambalo mpaka leo mtu wa Tanga hawezi kukaa barazani nusu saa bila kulitaja. Lakini hizo ni timu za mji mzima, zenye wafadhili na wapenzi maelfu. Yetu ilikuwa na watu 14 na mpira mmoja.

Tulichagua kucheza Raskazone, katika kipande cha mchanga kinachoonekana maji yakipwa. Ni rasi ile ile ambayo askari wa Mwingereza walishuka mwezi wa Novemba 1914, wakashindwa, wakarudi melini. Sisi hatukuifikiria vita hiyo hata kidogo. Tulipapenda kwa sababu mchanga ulikuwa mgumu, upepo ulikuwa mzuri, na hapakuwa na mtu wa kutufukuza ila bahari yenyewe.

Na bahari ina ratiba yake. Wasikilizaji wa bara huenda hawalijui jambo hili, kwa hiyo nitalieleza. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambazo ni siku za bamvua, maji ya pwani yetu hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Zikipita siku saba mambo yamegeuka: saa kumi alasiri ndiyo saa ya maji kupwa, ingawa hayaendi mbali, kwa kuwa ni maji mafu. Basi mwanafunzi atokaye darasani alasiri hawezi kusema, “Tutacheza kila Jumatano.” Sharti autazame mwezi kwanza. Katika timu yetu aliyeijua hesabu hii barabara alikuwa mmoja tu, mwana wa mvuvi wa Sahare. Alikuwa mlinzi wa nyuma, si hodari sana, na msemaji hakuwa. Yeye hutuambia tu, “Kesho twende,” au “Kesho tusiende.” Nasi tulilichukulia neno lake kama tunavyoichukulia saa ya ukutani, ambayo hakuna aishukuruye.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa wa sheria. Kila mmoja alikuja na desturi za mtaa wake. Mpira ukiingia majini, wa Chumbageni walisema umetoka, urushwe; wa Ngamiani walisema mchezo unaendelea mpaka maji yafike magotini. Siku mbili hatukucheza, tulibishana. Baadaye nilisoma kwamba Waingereza nao walipatwa na mashaka hayo hayo: kila shule kubwa ilikuwa na sheria zake, na vijana walipokutana katika chuo cha Cambridge hawakuweza kucheza pamoja, hata mwaka 1848 wakaketi wakaandika sheria za kuwapatanisha. Chama cha mpira cha nchi yao kiliundwa baadaye, mwaka 1863. Nasi tuliandika zetu katika ukurasa wa daftari la hesabu. Ziliishia nusu ya ukurasa, na zilitutosha.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa fedha, na huu ndio unaonifanya niseme nanyi leo. Mpira ulipasuka, ukanunuliwa mwingine kwa mkopo, tukakubaliana kwamba kila mtu atoe mchango kila wiki. Mimi nilikuwa mtunza hazina, na mimi ndiye niliyeandika kifungu kile: asiyetoa hachezi. Wiki mbili yule mwana wa mvuvi hakutoa. Wiki ya tatu nilimsomea kifungu mbele ya wenzake. Hakujibu neno. Aliichukua shati yake kwenye mti, akaitupia begani, akaondoka.

Siku nne baadaye tulikwenda Raskazone saa kumi na mpira wetu mpya. Bahari ilikuwa imefika kwenye mizizi ya miti. Tulisimama pale, watu 13, tukiutazama uwanja ulio chini ya maji. Na jioni, tulipokuwa tukirudi, mwezi mpevu ulichomoza mbele ya macho yetu sote. Tulirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kapiteni wetu akasema polepole, “Tumemfukuza mwenye uwanja.”

Tulikwenda Sahare. Tulimkuta baba yake amelala kwenye kitanda cha kamba, mguu umevimba, na mtumbwi umekaa juu ya magogo tangu mwezi uliopita. Mama yake alitukaribisha kwa chai kavu, akatushukuru kwa kuja kumjulia hali mgonjwa. Hakujua tulilolijia. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia, na mimi chai ile ilinishinda kumeza.

Kifungu kilifutwa usiku ule ule. Badala yake tuliandika kwamba mchango ni fedha au kazi, na kwamba jambo la mtu kukosa lisisemwe uwanjani. Rafiki yetu alirudi baada ya kubembelezwa sana, na si na mimi, kwa maana kwa mwezi mzima hakunitazama usoni. Alikuja na wavu mkuukuu wa baba yake, akaukata, akaushona kwa sindano ya mbao, tukapata nyavu za magoli, kitu ambacho timu nyingi zenye fedha kuliko sisi hazikuwa nacho.

Kisha mtihani ukaja, tukatawanyika kama mjomba alivyosema. Mwingine alikwenda Moshi, mwingine Dar es Salaam, wengine mashamba ya mkonge. Mpira tuliwaachia wa darasa la nyuma yetu, pamoja na ukurasa ule wa daftari. Yule mwana wa mvuvi aliwaongezea karatasi nyingine, aliyoiandika kwa mkono wake: siku za mwezi upande mmoja, na saa za maji kupwa upande wa pili.